Lawama Kitandani kwa Mgonjwa wa Ini

Aristotle aliandika katika kitabu chake cha maadili kwamba aliyezaliwa kipofu huhurumiwa, ilhali aliyepofuka kwa ulevi hulaumiwa na kila mtu. Hukumu hiyo haijatoka wodini hadi leo. Mwenye saratani akilia kwa maumivu hukimbiliwa. Mwenye ini lililosinyaa kwa pombe huulizwa kwanza amekunywa miaka mingapi. Tuseme kweli alikosea. Je, kosa hilo linapunguza haki yake ya kupata nafuu anapokaribia kufa? Nashikilia kwamba halipunguzi hata chembe, na kwamba hata mwenye hasira naye ana sababu ya kukubali hivyo.

Kwanza, ini ni mizani mbovu ya dhambi. Katika kila wanywaji wakubwa 100, wanaofikia kusinyaa kwa ini hukadiriwa kuwa kati ya 10 na 20 tu. Wengine huponea kwa maumbile waliyorithi. Mwanamke hudhurika kwa pombe kidogo kuliko mwanamume, na katika nchi zetu virusi vya homa ya ini B huharibu maini ya watu wasioijua hata ladha ya gongo. Wanafunzi wa Yesu walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, walikataliwa hesabu ya namna hiyo. Hadithi iliyomo katika Bukhari inagusa jambo lenyewe zaidi: mtu aliyeadhibiwa mara kadhaa kwa ulevi alilaaniwa na mmoja wa waliokuwapo, na Mtume akakataza laana hiyo, akisema mtu huyo anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikufutwa. Kilichokatazwa ni kumtoa mtu katika jamaa ya wanaostahili kuhurumiwa.

Tathmini ya kitaifa iliyotolewa Uingereza mwaka 2013, kuhusu waliofia hospitalini kwa ugonjwa wa ini utokanao na pombe, iliona kwamba chini ya nusu yao walihudumiwa vizuri. Dharau si sababu pekee, maana ugonjwa wenyewe ni mdanganyifu. Mgonjwa huingia tumbo limejaa maji, maji yakatolewa, akarudi nyumbani; mwezi mwingine anarudi akitapika damu, naye akanusurika tena. Daktari husubiri dalili dhahiri ya mwisho, na inapokuja, sumu ambazo ini limeshindwa kuchuja zimekwisha kuvuruga akili. Hapo mgonjwa hawezi tena kusema anataka kufia wapi, wala nani amsemee. Wapo wanaohofu kwamba kuyazungumza haya mapema ni kumkatia tamaa mtu ambaye, akiacha pombe, huenda akapata ahueni. Ahueni hiyo ipo kweli, na ndiyo maana tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza mateso, yafaa ianze sambamba na matibabu mengine badala ya kungoja yashindwe.

Pingamizi la uhaba lina uzito zaidi. Ini la kupandikiza ni moja na wanaolihitaji ni wengi, kwa hiyo swali la nani atangulie haliepukiki (ingawa hata hapo, utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2011 uliitikisa kanuni ya kumtaka mlevi akae miezi sita bila pombe kwanza). Mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu, si adimu kiasi hicho. Uganda huitengeneza nchini, na wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Kwa ini bovu kinachohitajika hasa ni ujuzi: dozi ndogo kwa vipindi virefu, na kuepuka diklofenaki na ibuprofeni, ambazo huweza kusababisha kutokwa na damu na kuua figo. Muda wa muuguzi ni haba, nakubali. Basi na ugawanywe kwa ukubwa wa mateso.

Linabaki pingamizi la nyumbani: mke aliyepigwa, watoto waliokosa ada. Hasira yao ni ya haki, na hakuna mhudumu mwenye ruhusa ya kuwahubiria msamaha, wala kumlazimisha mke auguze. Lakini anayetaka mtu huyu ajibu kwa aliyoyatenda angekuwa wa kwanza kudai apewe laktulosi ya kumrudishia akili na dawa ya kumtuliza. Aliyechanganyikiwa kwa sumu na maumivu haelewi hata anachodaiwa, sembuse kuomba radhi.