Mgongo na Mzigo Usioonekana

Wahenga walinena: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyelengwa na methali hii ni mtazamaji, wala si mchukuzi. Atazamaye kwa mbali huona kanda limefura, akadhani ndani mna usufi mtupu. Nia yangu ni kuipeleka methali hii kwenye mzigo wa fadhaa, ambao hauwekwi mizanini, ilhali mgongo huuhisi kama uhisivyo gunia.

Lugha yetu ililijua jambo hili zamani. Tukisema fulani amejiinamia, hakuna anayeuliza anaokota nini. Mtoto akiegemeza shavu kiganjani, wazee humkanya asishike tama, kwa kuwa mkao huo ni wa msiba. Mwenye kujiamini hutembea kifua mbele, aliyefikwa hujikunyata.

Wataalamu nao walikuja kuueleza utaratibu wake. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Marekani alionyesha kitabuni jinsi hofu na hasira zinavyouandaa mwili kupigana au kukimbia. Mwaka 1936 Hans Selye, akiwa Montreal, alichapisha waraka mfupi kuhusu panya waliopatishwa madhara mbalimbali, kama baridi kali na sumu. Madhara yalitofautiana, lakini miili iliitikia kwa namna moja. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo ukaenda mbio, misuli ikakazana, pumzi ikawa fupi. Mbele ya nyoka, hiyo ni neema. Nyoka akishapita, mwili hutulia.

Lakini deni halina mkia wa kukanyagwa, na kodi ya nyumba haikimbiliki. Hatari isiyopita huuacha mwili katika hali ya tahadhari isiyokoma. Mabega yaliyopanda husahau kushuka. Meno husagana usingizini, shingo ikawa ngumu, kichwa kikabana, usingizi ukaruka. Mtu huyu akipigwa picha ya mifupa, huenda akaambiwa hana kitu. Mfupa kweli hauna kitu. Mwenye mfupa ndiye aliyeelemewa.

Tumtazame hamali wa bandarini. Gunia lake lina uzito unaojulikana na safari yake ina mwisho. Kuna wa kumtwika na kuna wa kumtua, na likishatuliwa, mgongo wake hunyooka, akafuta jasho, akataniana na wenziwe. Mwenye fadhaa hana ghala la kulifikisha gunia lake. Hulala nalo na kuamka nalo, na kwa kuwa halionekani, hapati hata anayempisha njia.

Hapa ndipo linapozuka suali la kimaadili: mgongo ukipinda kwa dhiki, ni wajibu wa nani kuunyoosha? Jawabu la zama zetu ni jepesi: jinyooshe mwenyewe. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba dakika mbili za kukaa mikao ya kishujaa hubadilisha homoni mwilini. Habari hiyo ilienea ulimwenguni. Mwaka 2015 jaribio lilirudiwa kwa watu 200, badala ya 42 wa awali. Washiriki walijihisi wenye nguvu zaidi, lakini homoni hazikubadilika, na mwaka uliofuata mtafiti aliyetangulizwa jina katika kazi ile ya kwanza alitamka hadharani kwamba haamini tena matokeo yale.

Sidharau kutembea, kunyoosha viungo wala kuvuta pumzi ndefu. Hayo humpa mtu nafuu, na mwili ni amana ya mwenyewe. Ila nafuu si haki. Uchunguzi ulioanza London mwaka 1967 miongoni mwa watumishi wa serikali ulibaini kwamba kila cheo kiliposhuka, vifo vya maradhi ya moyo vilizidi. Hawa hawakuwa mafukara. Wote walikuwa na ajira. Uchunguzi wa pili, ulioanza 1985, ulihusisha maradhi hayo na kukosa kauli juu ya kazi yako mwenyewe. Basi fadhaa haigawanywi sawasawa. Wako wanaotwikwa, na wako wanaotwika, kisha wakashangaa kwa nini wenzao hawasimami wima.

Kumwambia mtu wa namna hiyo "nyooka" ni kumwongezea mzigo wa pili, aone kwamba hata kuinama kwake ni kosa lake. Uungwana wetu una neno jengine. Ukikutana na mtu amebeba, humfundishi namna ya kubeba, humwambia, "Lete nikupokee." Neno hilo halimhukumu wala halimdadisi. Humfanya yule aliyekuwa akitazama naye awe mchukuzi, na hapo ndipo anapojua kilichomo kandani.

Kwa mzigo usioonekana, kupokea kuna sura nyingi: mwajiri kulipa ujira kwa wakati, mdai kuongeza muhula, mume kushika mtoto usiku mkewe apate kulala, jirani kukaa kitako akasikiliza bila kukatiza. Hakuna hata moja kati ya hayo linalougusa mgongo. Lakini tukitaka kujua kama tumemtendea mtu wema, tusimuulize. Tutazame mabega yake anapoondoka.