Chungwa la California na eda yetu

Wapo watakaouliza mwalimu wa dini anatafuta nini katika sinema ya kuchekesha ya Wamarekani. Sinema yenyewe inahusu talaka, na talaka tunazo tele majumbani mwetu.

Inaitwa The Awful Truth, yaani Ukweli Mchungu, ya mwaka 1937. Mwongozaji wake, Leo McCarey, alipata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo. Cary Grant anaigiza kama Jerry, na Irene Dunne ni mkewe, Lucy. Jerry ameaga kuwa anakwenda Florida. Hakwenda. Anajianika chini ya taa maalumu klabuni ili ngozi ionekane imepigwa na jua la huko, kisha anarudi nyumbani na kapu la machungwa. Mkewe naye hakulala nyumbani. Anaingia akifuatana na mwalimu wake wa muziki, na maelezo ni kwamba gari liliwaharibikia njiani. Jerry anakunja uso. Lucy akilitazama chungwa, lina muhuri wa California.

Huyu ndiye mume anayetoa hotuba juu ya kuaminiana katika ndoa! Wakati huo hana ushahidi wowote dhidi ya mkewe, ila dhana tu. Lucy anampigia simu wakili wake. Mzee wa watu anamnasihi asifanye haraka, ndoa ni kitu kizuri, na papo hapo anamfokea mke wake mwenyewe anayemsumbua pembeni. Nilicheka, nakiri, kwa sababu wasuluhishi wa namna hiyo hata sisi tunao.

Mahakama inawapa talaka, lakini haitakamilika mpaka zipite siku 90. Muislamu akifika hapo lazima akumbuke eda. Sidai kwamba Hollywood walinakili kutoka kwetu. Ninachosema ni kwamba watunzi wa kichekesho wameelewa jambo ambalo baadhi yetu tumelisahau: muda ule haukuwekwa kwa ajili ya kuhesabu siku tu. Mwenyezi Mungu (s.w.) ameeleza katika Surat al-Baqara (2:228) kuwa waume wana haki zaidi ya kuwarejea wake zao ndani ya muda huo wakitaka suluhu. Katika talaka rejea, mume humrudia mkewe bila ndoa mpya wala mahari mapya.

Sasa tazama tofauti. Jerry na Lucy wanatengana siku ileile. Lucy anachumbiwa na tajiri wa mafuta kutoka Oklahoma, Jerry anajifungamanisha na binti wa kitajiri, na vichekesho vyote vinatoka humo. Kwa sheria yetu, mwanamke aliye katika eda ya talaka rejea haposwi, hata kwa fumbo. Na hatoki nyumbani. Surat at-Talaq (65:1) inakataza kumtoa, ila akifanya uchafu ulio dhahiri, na inatoa sababu: huenda Allah akaleta jambo jingine baadaye.

Hebu tujiulize, ndugu zangu, ni nani anayefuata hilo leo? Mume akishatamka, masanduku yanabebwa jioni ileile, bibi anapelekwa kwa wazazi wake kwa teksi. Kisha shangazi na mashoga wanaanza kuhesabu makosa ya bwana. Watu hawaonani, hawapikiani, hawasikii hata kikohozi cha mwenzao chumba cha pili. Suluhu itapita wapi? Katika sinema walirudiana baada ya kujikuta tena chini ya paa moja, vyumba viwili, mlango katikati usiokubali kufungika, zikiwa zimebaki dakika chache kufika saa sita ya usiku talaka ikamilike. Sisi tumepewa paa hilo tangu siku ya kwanza, tunalikataa.

Lipo jambo ambalo sinema imelikwepa. Hadi mwisho hatuambiwi Jerry alikuwa wapi siku zile. Jina ni Ukweli Mchungu, na ukweli wenyewe hausemwi! Je, watu wanaweza kurudiana bila kila kitu kuwekwa mezani? Naona wanaweza. Tumekatazwa dhana nyingi na kupelelezana (49:12), na aliyesitiriwa na Mola wake halazimiki kujianika. Lakini sitara ni ya aliyeacha kosa na kutubu. Jerry anasema tu kwamba alikuwa mjinga, basi, yamekwisha. Lucy alikuwa na haki ya kurudi kwa mumewe, na alikuwa na haki pia ya kumuuliza kuhusu lile chungwa kabla hajarudi. Swali hilo watunzi wamemnyima, maana lingeua kicheko. Badala yake tunaonyeshwa saa ya ukutani yenye vidoli viwili, mume na mke, kila kimoja na mlango wake. Inapogonga saa sita, kidoli cha kiume kinaacha mlango wake na kuingia wa mwenzake.