Kwa Nini Twataka Wimbo Tuupendao Uvume?

Wazee wetu walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama ndivyo, mbona vijana wanaopenda wimbo fulani hawatulii mpaka wimbo huo uwe namba moja? Wimbo wenyewe wanao tayari. Wanaweza kuusikiliza asubuhi na jioni, wala hapana wa kuwakataza. Ukivuma hautakuwa mtamu kuliko jana. Usipovuma hautapungukiwa na kitu. Basi wanatafuta nini? Wengi wetu tuna watoto au wajukuu wa umri huo, na pengine tumekwisha kuwacheka. Yafaa kwanza tuwaelewe.

Tuchukue mfano mmoja. Mwaka 2010, katika mashindano ya uimbaji ya televisheni huko Uingereza, vijana watano waliunganishwa wakawa kundi moja lililoitwa One Direction. Wapenzi wao wengi walikuwa wasichana wadogo. Novemba 2014 walitoa albamu yao ya nne. Humo mlikuwamo wimbo uitwao "No Control", ambao mashabiki waliupenda sana, lakini haukuchaguliwa kutolewa peke yake na kutangazwa. Machi 2015 mmoja wa wale watano, Zayn Malik, akaondoka kundini. Mwezi wa Mei mashabiki wakaamua kuifanya wenyewe kazi ya kuutangaza wimbo ule. Walipanga siku, wakahimizana kuununua, wakaziomba redio ziupige. Redio zikaupiga, BBC Radio 1 ikiwa mojawapo. Agosti mwaka huo huo ukapata tuzo ya Teen Choice kule Marekani, tuzo ambayo vijana wenyewe ndio waliokuwa wakipiga kura.

Hapana aliyewalipa wasichana wale. Mimi naona walikuwa na sababu tatu, nazo hazina uzito sawa.

Ya kwanza ni haki. Katika wimbo huo sauti ya Louis Tomlinson inasikika sana, naye ni mmoja wa waliouandika. Mashabiki wengi waliona kwamba kijana huyu hapewi heshima inayomstahili, wakataka ajulikane. Nia hii ni njema. Anayeona kazi nzuri imewekwa pembeni asinyamaze, hata kama kazi hiyo ni wimbo wa dakika tatu.

Ya pili ni kwamba furaha haipendi kukaa peke yake. Sisi wa Afrika Mashariki tuliokuwa tukinunua kadi za salamu na kuzipeleka redioni tunalijua jambo hili. Pengine santuri ile ile tulikuwa nayo nyumbani. Lakini kuisikia ikipigwa redioni, huku tukijua kwamba nyumba nyingi zinaisikia saa ile ile, lilikuwa jambo jingine kabisa. Anayekula kitu kitamu humwita mwenziwe aonje. Hamwiti ili ashinde. Amwita kwa kuwa utamu umemzidi.

Ya tatu ni ngumu zaidi, na hapo sisi wakubwa tumo. Msichana wa miaka kumi na minne huambiwa kila siku kwamba akipendacho ni kelele, ni upuuzi wa kitoto, kitampita. Hana hoja ya kujibu. Wimbo ukipanda mpaka juu, amepata shahidi. Aweza kusema, "Mlinicheka, sasa tazameni ni wangapi." Kwake yeye namba ile ni kinga ya heshima yake.

Lakini je, namba ni shahidi wa kweli? Tutazame inavyopatikana. Orodha ya kwanza ya nyimbo zinazouzwa sana Uingereza ilichapishwa Novemba 1952, nayo ilikusanywa kwa kupiga simu katika maduka yapatayo ishirini. Kule Marekani orodha ya Hot 100 ilianza Agosti 1958, na wa kwanza kukaa juu yake alikuwa Ricky Nelson, kijana wa miaka 18, kipenzi cha wasichana wa siku zile. Msomaji ajiulize kama anaukumbuka wimbo wake. Orodha hizi huhesabu kilichonunuliwa, kilichopigwa na kilichosikilizwa juma fulani. Kazi hiyo zaiweza. Kupima uzuri haziwezi, wala hazikuundwa kwa ajili hiyo.

Tena kuna hatari nyingine. Katika miaka ya karibuni mashabiki wa makundi mbalimbali walizoea kununua wimbo ule ule mara nyingi ili tu upande. Ilifika hadi gazeti la Billboard, lenye orodha ile ya Marekani, likaamua kwamba kuanzia Januari 2022 mnunuzi mmoja ahesabiwe mara moja tu kwa juma kwa kila wimbo unaopakuliwa. Tufikiri maana yake. Anayemwita rafiki yake aje asikilize ameongeza msikilizaji mmoja duniani. Anayenunua wimbo ule ule mara ya tano hakuongeza sikio hata moja. Ameongeza namba, na fedha pengine ni ya mzazi. Wa kwanza bado yumo katika kupenda. Wa pili amekwisha kuingia katika kushinda, na mara nyingi hafiki mbali kabla hajaanza kuwatukana mashabiki wa kundi jingine. Hapo wimbo umegeuka kuwa rungu.

Mtu ataweza kusema kwamba namba nayo huleta masikio, kwa kuwa wimbo uliopanda ndio upigwao redioni. Ni kweli. Namba ni mlango. Lakini hapana mwenye akili anayejenga mlango mzuri, akakaa kizingitini akiusifu, asiingie ndani.

One Direction walipumzika mwanzoni mwa 2016, wala hawakurudi kuimba pamoja. Oktoba 2024 mmoja wao, Liam Payne, alifariki dunia mjini Buenos Aires akiwa na miaka 31. Katika miji kadhaa, London ikiwa mmojawapo, mashabiki walikusanyika na maua na mishumaa, wakaimba nyimbo zile. Wengi walikuwa sasa ni wanawake wazima. Siku ile hapakuwa na nafasi ya kugombea katika orodha yoyote. Kilichobaki ni kile walichokitaka tangu mwanzo bila kujua kukitaja: kuupenda wimbo pamoja na wengine.

Basi, ndugu msomaji, kijana wako akikueleza kwa machozi kwamba wimbo wake umekosa nafasi ya kwanza, usimcheke, wala usimpe fedha ya kuununua tena. Keti, umwambie aupige, uusikilize mpaka mwisho. Huenda usiupende, na waweza kumwambia hivyo kwa upole. Lakini atakuwa amepata sikio moja zaidi, na la mtu wa nyumbani.