Nani Ameleta Taabu Hii?



Jioni moja ya majira ya mvua, baada ya mafundisho, mtu mmoja wa kijiji kilicho upande wa njia ya Kasenga alibaki nyuma, akakaa kitako muda mrefu pasipo kusema neno. Alikuwa katika mwaka wake wa pili wa ukatekumeni. Kazi yake ni kuchoma makala na kuyapeleka Lubumbashi kwa baisikeli, magunia manne kwa safari moja, naye huisukuma kwa miguu tangu usiku wa manane. Katika miezi michache alikuwa amepatwa na mambo matatu. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa malaria. Baisikeli yake iliibwa. Kisha mkewe akashikwa na kikohozi kisichotaka kupona.

Mwishoe akasema: «Mwalimu, nilizitupa dawa za babu zangu ili nimfuate Kristu. Kama ninamtumaini Mungu, mbona mambo haya yamenipata? Na kama si Mungu aliyeyaleta, basi kuna mtu aliyeyaleta. Ni nani?»

Neno lile la mwisho lilikuwa zito kuliko yote mengine, maana nyumbani mwake mlikuwamo yatima, binti wa marehemu dada yake, mwenye umri wa miaka minane hivi. Watu wa ukoo walikwisha kumtazama kwa jicho baya. Walisema: anasemasema usingizini, anakula kama mtu mzima, mama yake alikufa, na sasa kifo kimemfuata mpaka huku. Tena mtu mmoja wa mjini, anayejiita mwombaji, alikuwa amekwisha kutaja bei yake ya kumfungua mtoto yule, na ya kuifungua nyumba nzima.

Tazameni sasa jinsi swali la mtu yule lilivyojengwa. Lina milango miwili tu: ama Mungu, ama mtu. Akikataa mlango wa kwanza, hana budi kuingia wa pili. Na nyuma ya mlango wa pili amesimama mtoto mdogo asiye na baba wala mama wa kumtetea. Si mtu yule peke yake anayefikiri hivi. Sisi sote, taabu ikitupata, twataka iwe na mwenyewe. Taabu isiyo na mwenyewe hutuogopesha kuliko ile yenye adui tunayemjua kwa jina.

Mitume nao walifikiri vivyo hivyo. Mwasoma katika Injili ya Yohane kwamba walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakamwuliza Bwana Yesu ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Kwao pia ilikuwa milango miwili. Bwana hakuchagua hata mmoja. Alikataa yote miwili, kisha akafanya tope kwa mate yake, akampaka kipofu machoni, akamtuma akanawe. Na katika Injili ya Luka, alipozungumza juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu wakafa, alisema waziwazi kwamba hawakuwa wakosefu kuliko watu wengine wa Yerusalemu. Mnara ulianguka, waliokuwa chini yake wakafa. Hakumtafuta mchawi wa mnara.

Mtaniambia: Mwalimu, je, shetani hayupo? Yupo, nalo Kanisa halikuficha jambo hilo kamwe. Siku ya ubatizo wenu mtaulizwa kama mnamkataa. Lakini fikirini ni kazi gani ingempendeza shetani zaidi: kuiba baisikeli, au kumfanya mjomba amfukuze mtoto wa dada yake gizani, huku akidhani anamtumikia Mungu?

Sisi wa Katanga tuna sababu ya kulijua jambo hili kuliko wengine. Wazee wenu wanakumbuka nyakati ambapo kazi ya shaba ililisha miji yetu. Union Minière, na baada yake Gécamines, iliwapa wafanyakazi nyumba, mposho wa unga, shule na hospitali. Katika miaka ya 1980 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka. Mwaka 1994 shaba yote haikufika hata tani 50,000. Mishahara ikakatika miezi kwa miezi. Kuanzia mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10,000 waliondolewa kazini kwa kupewa fedha mara moja, nazo hazikudumu. Sababu zote hizo zajulikana: mgodi usiotunzwa, mashine zisizonunuliwa, fedha zilizoliwa na wakubwa, bei ya shaba katika soko la dunia. Lakini baba anayerudi nyumbani mikono mitupu haoni soko la dunia. Anawaona walio karibu naye.

Ndiyo maana katika miaka hiyo ya ufukara, katika miji mingi ya Kongo, watoto walianza kushtakiwa uchawi na kufukuzwa. Zamani, wazee wanasema, wachawi walidhaniwa kuwa wakongwe. Sasa zamu imewaangukia watoto wa kambo, mayatima, wenye kifafa, wenye kukojoa kitandani. Wengi walilala sokoni na vituoni. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu chake cha 41, inakataza kumshtaki mtoto uchawi, nayo sheria humwadhibu afanyaye hivyo. Lubumbashi, Mapadri Wasalesiani, ambao walifika mjini mwaka 1911, wana nyumba ya kupokea watoto wa barabarani. Nyumba hiyo inaitwa Bakanja, na jina hilo halikuwekwa bure.

Isidore Bakanja alikuwa kijana wa upande wa Mbandaka, mwashi msaidizi. Alifundishwa dini kama mnavyofundishwa ninyi, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Baadaye alikwenda kufanya kazi nyumbani mwa Mzungu mmoja katika shamba la kampuni, mbali na misioni, mahali ambapo dini ilichukiwa. Akaamriwa avue skapulari ya Bikira Maria aliyoivaa shingoni. Hakuivua. Mwaka 1909 mkubwa wa shamba akaamuru apigwe kwa mjeledi wenye misumari. Mapigo yalizidi mia, na mgongo ukawa kidonda kimoja. Aliteseka miezi mingi, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Mwaka 1994 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye heri.

Nataka mwangalie mambo mawili katika habari hiyo, maana mara nyingi husimuliwa haraka mno. La kwanza: Bakanja alimjua mwenye taabu yake. Hakuhitaji mpiga ramli. Wala hakunyamaza: mkaguzi wa kampuni alipofika, alijikokota mpaka kwake, akaeleza aliyetendewa na ni nani aliyemtenda. Basi kumtumaini Mungu si kuufunika uovu wa watu. La pili: mapadri walipomsihi amsamehe, alimsamehe, akaahidi kumwombea. Na pamoja na hayo yote kidonda hakikupona. Skapulari haikumkinga na mjeledi. Naye hakuivaa kama hirizi. Kama angeivaa kama hirizi, angeitupa baada ya pigo la kwanza, kwa kuwa hirizi isiyofanya kazi hutupwa. Lakini mtu hamtupi mama yake kwa sababu ameshindwa kumwondolea maumivu.

Hapo ndipo niliporudi kwa swali la mchoma makala. Nikamwambia: «Ulipozitupa dawa za babu zako, naona ulidhani Mungu ni dawa mpya, yenye nguvu kuliko zile. Sasa dawa imeshindwa, nawe waona umedanganywa.» Akakubali kwa kichwa. Sikumlaumu. Sisi walimu tuna sehemu yetu katika kosa hilo, maana nyakati nyingine, kwa kutaka kuwavuta watu, tumesema habari za baraka kana kwamba mkristu halali njaa.

Kisha nikamweleza habari ya malaria: mbu ndiye aletaye homa ile, naye huuma nyumba ya mwamini na ya mpagani pasipo kuchagua. Akanijibu upesi, na jibu lake lilikuwa la akili: «Mbu ninamjua. Jirani yangu ana mbu wale wale, na watoto wake sita. Mbona wangu ndiye aliyekufa?»

Wapendwa, hapa mwalimu mwaminifu hufunga kitabu. Nilimwambia sijui. Marafiki wa Yobu walikaa naye kimya siku saba, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi njema waliyoifanya. Walipofungua vinywa kueleza sababu, waliharibu. Hata Bwana wetu msalabani alimwuliza Baba yake kwa nini amemwacha, na Injili haisemi kwamba sauti ilimjibu. Lakini alimwuliza Baba, hakugeuka kumtafuta mwingine wa kumwuliza. Na roho yake aliiweka mikononi mwa huyo huyo ambaye hakumjibu. Hilo ndilo neno tumaini katika dini yetu. Si kujua sababu.

Nikampa mfano wa kazi yake mwenyewe. Mnapopanda kilima na mizigo, mmoja hushika usukani, mwenzake husukuma nyuma. Aliye mbele ameinama, jasho liko machoni, magunia yamemficha mwenzake, hawezi kumwona. Anajua yupo kwa sababu baisikeli hairudi nyuma. Mfano huo si kamili, najua; yeye mwenyewe alinikumbusha kwamba baisikeli imeibwa. Tukacheka kidogo, mara ya kwanza jioni ile.

Lakini mwenye kusukumwa naye hana ruhusa ya kuacha usukani. Mtu akisema «Mungu yupo» huku mkewe anakohoa damu na hospitali iko mwendo wa saa tatu, huyo hamtumaini Mungu, anamjaribu. Fedha alizokuwa akizikusanya kwa ajili ya yule mwombaji wa mjini zilitosha nauli ya watu wawili. Nikamwuliza azitumie kwa lipi. Hakunijibu usiku ule. Alisema tu kwamba ukoo ungemwona mpumbavu, na kama mtu mwingine akifa nyumbani, lawama yote itamwangukia yeye aliyemweka mtoto. Ilikuwa kweli, sikuweza kumwondolea woga huo. Nilimwahidi kwamba nitakwenda naye mbele ya wazee, nami nilikwenda, na maneno niliyoambiwa pale siyaandiki katika gazeti hili.

Mama yule alipimwa, akaonekana ana kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure, lakini zataka kumezwa kila siku muda wa miezi sita, wala mtu asiache akijisikia nafuu. Baisikeli haikuonekana tena. Mchoma makala sasa anasukuma ya kuazima, na nusu ya faida ni ya mwenye nayo. Anapoondoka usiku, binti wa dada yake ndiye anayeamka, anachota maji, anahesabu vidonge mkononi, naye husimama karibu na kitanda mpaka mama mkubwa amalize kumeza.