Maski ya Leya na Ukweli wa Picha

Maski ya leya ni ramani ya weupe, weusi na kijivu inayofungwa kwenye leya moja, yaani tabaka moja, ya picha inayohaririwa. Penye weupe kazi ya leya huonekana. Penye weusi hufichika. Penye kijivu huonekana kwa kiasi, na faili la biti 8 lina ngazi 256 za kiasi hicho. Anayetaka uso wa bibi harusi ung'ae na ukuta wa nyuma ubaki ulivyo huongeza leya ya mwangaza, huijaza maski yake weusi, kisha hupaka weupe kwa brashi usoni tu. Akizidisha, hurudishia weusi. Hakuna kilichofutwa.

Je, picha isiyoongezwa wala kupunguzwa kitu inaweza kusema uongo?

Swali hili limeitangulia kompyuta. Leya ziliingia kwenye programu ya Photoshop mwaka 1994, lakini wasafisha picha walikuwa wameshazoea kukinga mwanga kwa kiganja au kipande cha kadi upande mmoja wa karatasi na kuuzidisha upande mwingine. Mwaka 1941 Ansel Adams alipiga picha ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Katika nakala alizosafisha miaka mingi baadaye, anga imekaribia weusi mtupu. Hakuna anayemwita mwongo, maana hakuahidi taarifa ya hali ya hewa.

Mambo yalikuwa mengine Juni 1994, jarida la Time lilipoweka kwenye jalada uso wa O.J. Simpson, mtuhumiwa wa mauaji, kutoka picha ya polisi iliyotiwa giza. Newsweek ya wiki hiyohiyo ilikuwa na picha ileile bila giza hilo, na wasomaji wakaona tofauti. Mhariri wa Time alikana nia ya ubaguzi. Hoja ya nia ina uzito, kidini na kisheria, ila nia haichapwi jaladani. Kilichomfikia msomaji ni mtu mweusi aliyefanywa mweusi zaidi, tena kabla ya kesi kusikilizwa.

Kwa hiyo kipimo cha kuongeza na kupunguza hakitoshi, na hata chenyewe kina utata. Mwaka 2015 shindano la World Press Photo liliondoa asilimia 20 ya kazi zilizofika raundi ya kabla ya mwisho, baadhi kwa sababu zilitiwa giza hadi vitu vikatoweka.

Maski haifuti, ni kweli, lakini kwenye meza ya mhariri tu. Picha ikihifadhiwa kama JPEG leya huungana, na kilichofichwa hakimfikii mtazamaji kamwe. Katika picha ya harusi hilo ni pambo, na wote wanajua. Katika picha ya habari, iliyotolewa kama ushahidi, ni kumnyima msomaji haki ya kuhukumu mwenyewe, na hapo ndipo kosa lilipo, si kwenye brashi. Ndiyo maana World Press Photo huwadai wanaofika hatua za mwisho faili la awali, kama lilivyotoka kwenye kamera.