Jukwaa la Kale na Haki ya Kusahau

Mtu akisikia kuwa watani wa jadi watakutana "Lupaso", asifunge safari ya Masasi. Hilo ni jina ambalo washabiki na watangazaji wameupachika uwanja mkubwa wa Temeke, Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007 na kupewa jina la Benjamin Mkapa mwezi Julai 2020. Lupaso yenyewe ni kijiji cha Masasi, mkoani Mtwara, katika nchi ya mikorosho na vilima vya mawe. Hapo ndipo Mkapa alipozaliwa mwaka 1938, na hapo ndipo alipozikwa tarehe 29 Julai 2020. Jina la kijiji sasa limo vinywani mwa maelfu ambao hawajapata kukikanyaga.

Lakini kabla ya kurejea Lupaso, maiti yake ililazwa kwa siku tatu ili wananchi waage. Na haikulazwa katika uwanja huo mpya, bali kwa jirani yake mkongwe. Huo ndio uwanja uliokuwa ukiitwa wa Taifa, kisha ukaitwa Uhuru baada ya mdogo wake kuzaliwa, na ambao kwa mzaha watu huuita Shamba la Bibi. Ni uwanja ulioona mengi. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Disemba 1961 bendera ya mkoloni iliteremshwa hapo na ya Tanganyika ikapandishwa. Oktoba 1999 watu walipanga foleni hapo kumuaga Mwalimu Nyerere. Na baina ya misiba na sherehe hizo kubwa, miaka nenda miaka rudi, palikuwa na mpira.

Keti na mzee yeyote aliyeupenda mpira wa zamani, umuulize habari za majukwaa yale. Hatakuanzia na mabao. Atakuanzia na ngazi za saruji zilizoiva kwa jua, na mzunguko, yaani ile sehemu ya watu wengi, ambako tiketi ilikuwa rahisi na kivuli hakuna. Atakwambia alikaa wapi mwaka 1977, Simba ilipoifunga Yanga mabao sita kwa bila. Akiwa wa Yanga, atakwambia alitokea mlango gani. Atakueleza kimya kilichouangukia uwanja mwaka 1993, Simba iliporudi kutoka Abidjan na sare ya bila kwa bila, watu wakaja kulipokea kombe la Afrika, nao Stella wakashinda mbili na kuondoka nalo.

Na wako walioyajua majukwaa hayo kwa masikio tu. Kabla ya Daraja la Mkapa kuvuka mto Rufiji mwaka 2003, njia ya kutoka Masasi na Newala hadi Dar es Salaam ilikuwa ni kivuko na matope, na masika yakishika huenda safari isiwepo kabisa. Mpenzi wa mpira wa huko aliketi na redio yake, akausikia umati ukivuma kama bahari aliyokuwa mbali nayo, akajijengea jukwaa lake moyoni. Naye pia hukumbuka. Wala simwiti mwongo. Kwani ni wangapi kati yetu visiwani waliolia kwa matokeo ya uwanja wasioujua?

Basi hapa ndipo swali langu linapozuka. Wahenga wetu wametuachia misemo miwili inayopingana. Mmoja wasema: ya kale ni dhahabu. Wa pili, na msomaji anisamehe kwa ukali wake, wasema: mavi ya kale hayanuki. Wa kwanza hutukuza yaliyopita. Wa pili hutuonya kwamba pengine hatuyatukuzi kwa uzuri wake, bali kwa sababu pua zetu zimesahau. Tunapoyasifu majukwaa ya zamani, tunasema kwa ulimi wa msemo upi?

Tuwe wakweli. Jua lile lilichoma. Watu walibanana, walikanyagana, walipanda kuta. Mzee anayecheka leo akisimulia jinsi alivyobebwa na msukumo wa watu mpaka miguu ikaacha ardhi, siku ile hakucheka. Lakini maumivu yake yamezeeka pamoja naye, yakageuka kuwa hadithi, na hadithi ikawa tamu.

Kisha ikaja tarehe 21 Machi 2021. Umati ulikwenda katika uwanja huo huo wa Uhuru kumuaga Rais Magufuli, yeye ambaye miezi minane kabla yake alisimama papo hapo kumuaga Mkapa. Katika msongamano wa siku ile watu 45 walipoteza maisha. Hawakwenda kushangilia mpira, wala hawakwenda kugombana. Walikwenda kuaga, nao wakaagwa.

Tangu siku hiyo, mimi huzisikiliza hadithi za kubanana kwa sikio jingine. Hadithi ya mtu aliyebebwa na umati akanusurika, na hadithi ya mtu aliyebebwa na umati asinusurike, mwanzo wake ni mmoja. Tofauti ni kwamba mmoja wao yupo wa kuisimulia.

Atatokea mtu aseme kuwa kusahau ni rehema. Angekumbuka kila kilichomuuma, binadamu asingeweza kuamka asubuhi. Mama husahau uchungu wa uzazi, akazaa tena. Hoja hii ina nguvu, na sehemu yake kubwa naikubali. Mtu aliyeungua kwa jua la mzunguko ana haki ya kuliita jua lile raha. Ni ngozi yake, aisamehe atakavyo.

Lakini haki hiyo ina mpaka, nao ni mpaka wa ngozi ya mtu. Mwenye kuumia aweza kuyaita maumivu yake raha. Hawezi kuyaita raha maumivu ya mwenziwe. Deni nisilolidai mimi siwezi kulisamehe. Jukwaa ni mahali pa watu wengi, na kumbukumbu yake ni mali ya shirika: anayeisimulia kwa utamu tu amelichukua fungu la wenziwe akaligawa bila idhini yao.

Haya si maneno ya kuharibu starehe za baraza. Yana kazi. Disemba 2023 uwanja wetu wa Amaan, uliofunguliwa mwaka 1970, ulifunguliwa upya baada ya kufanyiwa matengenezo makubwa, na papo hapo wakaanza wanaoililia Amaan ya zamani. Walie, nami nalia nao kidogo. Ila tuwe tunajua tunalilia nini. Tukililia sauti za wenzetu waliotangulia, zile pembe na vifijo, bega la mtu usiyemjua lililokukumbatia baada ya bao, hilo ni lililo haki. Tukililia ubanaji wenyewe, tukasema viti na milango mipana vimeua mpira, tutakuwa tunawafundisha vijana kwamba hatari ndiyo iliyokuwa raha. Na kijana akifundishwa hivyo, ataitafuta.

Jina nalo ni kumbukumbu ya namna hiyo hiyo. Mtwara kuna Uwanja wa Nangwanda Sijaona. Vijana huingia humo kuona mpira, na sijui wangapi hujiuliza Sijaona alikuwa nani. Halikadhalika "Lupaso" huenda siku moja likawa neno la mabao tu, na kijiji kikafutika nyuma yake. Jina halikumbuki. Wanaokumbuka ni watu, wakitaka.

Basi mzee wa barazani na aendelee kusimulia. Atupe sita za 1977 na kimya cha 1993, atupe jua na saruji, na acheke akipenda. Akifika pale umati ulipomwinua miguu ikaacha ardhi, atue kidogo, kwa ajili ya wale 45. Halafu amalizie hadithi yake.