Aibu ya Mke Iliyokwisha Tubiwa

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake: limeulizwa suala hapa Songea, na huko pwani pia huulizwa. Mtu ameoa, akakaa na mkewe kwa wema, wakazaa, kisha humjia mnong'onaji akamwambia, "Mkeo, kabla hujamuoa, alizini." Mume husema, "Nimedanganywa, na jina la ukoo wangu limechafuka." Je, amwache?

Jueni, ndugu zangu, ya kwamba neno hilo likikosa mashahidi wanne, mwenye kesi ni msemaji. Sura ya Nur, aya ya 4, imemhukumia mijeledi 80, na ushahidi wake usikubaliwe. Hata Bibi Aisha, Mungu amuwie radhi, alisingiziwa waliporejea vita vya Banil Mustaliq. Madina ikavuma kwa uwongo, hata Mola akamtakasa kwa Kurani.

Na ikiwa ni kweli, naye mke ametubu? Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba mtu mmoja aliposwa nduguye wa kike, akamfunulia mposaji ya kuwa alikwisha kuzini. Sayyidna Umar aliposikia alimpiga, au alikaribia kumpiga, akamkemea kwa kutoa khabari ile. Tazameni: aliyekemewa ni mfichuaji. Basi mke kunyamaza juu ya dhambi aliyoitubia si udanganyifu. Ni sitara aliyositiriwa na Mola wake. Wala wanazuoni wetu wa Kishafii, walipohesabu aibu zimpazo mume khiari ya kuvunja nikaha, kama wazimu na ukoma na mbalanga, hawakuitia zina miongoni mwazo.

Ama jina la ukoo, mume hudhani talaka italiosha. Kumbe neno lililokuwa kinywani mwa mtu mmoja, siku ya talaka huingia kila baraza, na watoto hulirithi. Talaka imo mkononi mwake, hatukatai. Lakini si kila kilichomo mkononi ni uadilifu kukitumia. Naajiulize: dhambi ngapi za ujana wake yeye zimesitiriwa, na mkewe hakuzichimbua? Basi amnyamazishe mnong'onaji, na mkewe ampime kwa mwenendo aliomwona nao nyumbani mwake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.